Kuchora uso kutoka kwenye picha: usikimbilie kivuli

Wiki iliyopita nilikaa na mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuwa anamchora bibi yake. Mistari yote ilikaa mahali pake, lakini uso ulionekana umepakwa masizi. Kosa hilo liliniharibia karatasi nyingi nilipokuwa najifunza, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Hatua ya 1: Chagua picha iliyopigwa karibu na dirisha au mlango, mwanga ukitoka upande mmoja. Ya fleshi iache. Fleshi hufuta vivuli, uso ukawa bapa.

Hatua ya 2: Piga miraba. Picha ya sentimita 9 kwa 13 ipe miraba ya sentimita 1, na karatasi ya A4 miraba ya sentimita 2. Tumia penseli ya HB, ile ya kawaida, mkono mwepesi.

Hatua ya 3: Hamisha mistari ya uso mraba kwa mraba, kisha futa miraba.

Hatua ya 4: Tia kivuli. Kwanza chora visanduku 5 pembeni, kuanzia weupe wa karatasi hadi weusi kamili wa penseli ya 6B (namba ya B ikipanda, penseli huwa laini na nyeusi zaidi). Halafu finya macho uitazame picha: vitu vidogo vitapotea, yatabaki mabaka ya mwanga na giza. Chora mabaka hayo.

Mwanafunzi wangu alikuwa ameujaza uso mzima 6B kwa sababu bibi ni mweusi. Ngozi nyeusi inang'aa! Kwenye paji la uso, mfupa wa shavu na ncha ya pua, mwanga hukaribia weupe wa karatasi. Sehemu hizo ziache tupu tangu mwanzo, kwa sababu 6B ikishazama kwenye karatasi raba haiitoi yote. Panda na 2B tabaka kwa tabaka, ukifuata mviringo wa shavu. 6B isubiri mwisho, kwa tundu za pua, mboni na chini ya kidevu. Usisugue kwa kidole, mafuta ya ngozi huacha madoa. Chukua tishu, au fanya kama mimi, tumia penseli peke yake bila kusugua. Chini ya kiganja weka karatasi safi. Weupe wa jicho nao utie kivuli chepesi, maana kope la juu huutupia kivuli. Ukiuacha mweupe, bibi ataonekana ameshtuka.

Hatua ya 5: Nywele za kipilipili ni viduara vidogo vya 4B, ukingoni vififie.

Ukimaliza, geuza picha na mchoro vichwa chini uvilinganishe. Baka lililokosewa utaliona mara moja.