Usifunge shafti ya rotaveta kabla hujaipima

Wakulima wenzangu, naandika hii oili haijanitoka vizuri mikononi. Jana nilikuwa kwa mzee mmoja huku bondeni kwetu, ana trekta ndogo ya Kijapani ya zamani, HP 17, kanunua rotaveta (ile zana ya kulimia yenye visu vinavyozunguka) mpya kabisa. Kaifunga asubuhi, kalima mistari miwili mizuri tu, akafika mwisho wa jaruba akanyanyua ili ageuze. Ikalia kama mtu kapiga nondo kwa nyundo. Kuangalia nyuma, oili inamwagika kwenye tope kama bomba limepasuka. Trekta ilikuwa nzima, rotaveta ilikuwa nzima, dereva anajua kazi. Kilichoharibu ni shafti ya PTO, yaani ile inayopeleka mzunguko wa injini kutoka nyuma ya trekta mpaka kwenye zana, ilikuwa ndefu kwa sentimita 11 na hakuna aliyeweka futi pale.

Na huyu siyo wa kwanza, ndiyo maana nimekaa kuandika. Habari za kubadilisha oili, kusafisha chujio na kupanda kwa wakati mnazijua, siziongelei. Leo ni shafti.

Shafti ni mabomba mawili, moja linaingia ndani ya jingine. Zana ikipanda na kushuka yanaingiana na kutoka. Sasa yakifika mwisho wa kuingiana na haidroliki bado inavuta, chuma hakina pa kwenda, kinasukuma. Mbele kinasukuma kichwa cha PTO (kile chuma chenye meno kinachotokeza nyuma ya trekta) kirudi ndani ya trekta, beringi inavunjika, sili inatoka, na ukiwa na bahati mbaya kama mzee wangu nyumba yenyewe ya chuma inayofunika gia za nyuma inapasuka. Nyuma kinasukuma giaboksi ya rotaveta. Trekta nyingi za aina hii oili ya gia na ya haidroliki ni ile ile moja, kwa hiyo ikimwagika umekosa gia na umekosa mikono ya kunyanyulia. Na nyumba ya nyuma ya trekta iliyotengenezwa mwaka 1978 huendi kuichukua dukani, unaanza kuzunguka kutafuta trekta iliyokufa ili uikate upate kipande.

Nikiwauliza kwa nini hamkupima, jibu ni moja: "Shafti imekuja na mashine, si ndiyo yake?" Hapana jamani. Shafti inakuja ndefu makusudi kwa sababu kiwandani hawajui itafungwa kwenye trekta gani, wamekuachia wewe uikate. Na hizi Kubota, Yanmar, Iseki na Mitsubishi za miaka ya 70 na 80 zilitengenezwa kwa ajili ya mashamba madogo ya Japani, rotaveta yake ya asili inakaa imebanana kabisa na trekta, shafti yake fupi sana. Ukiziletea rotaveta ya India au ya China yenye shafti ya kutosha trekta kubwa, lazima igonge. Wengine wanasema jirani alikata sentimita 8 na wao wakakata 8. Jirani ana trekta nyingine, mikono yake ina urefu mwingine, unakopaje kipimo chake?

Haya, tupime. Andaa futi, chaki, msumeno wa chuma au grainda, tupa, grisi na magogo mawili imara. Magogo ni lazima, nasisitiza, haidroliki za zamani zinavuja kwa ndani na rotaveta inashuka taratibu wewe umeinama chini yake. Kila unapopima injini imezimwa, ufunguo mfukoni, gia ya PTO iko nyutro, zana imelala kwenye magogo.

Funga zana kwenye mikono yote mitatu ya trekta, miwili ya chini na mmoja wa juu, bila shafti. Kisha rekebisha mkono wa juu mpaka rotaveta ikae vile itakavyokaa ikilima. Hiki watu wanakiruka kila siku. Ukifupisha mkono wa juu, kichwa cha zana kinavutwa mbele na giaboksi inasogea kwenye trekta, sasa mtu anapima vizuri leo, kesho anauzungusha mkono wa juu kutafuta kina, na kile kipimo cha jana kimeshakufa. Weka mkono wa juu kwanza, funga nati yake, ndiyo ushike futi.

Pima kutoka mfereji wa loki (ule mkato inamoingia pini ya kushikilia shafti) kwenye kichwa cha PTO mpaka mfereji wa loki kwenye kichwa cha giaboksi. Pima mara 5: zana ikiwa imezama kina cha kulima (chimba shimo dogo chini yake au pandisha matairi ya nyuma kwenye tuta), ikiwa imekaa juu ya ardhi, pale vichwa viwili vinapolingana usawa, katikati ya kupanda, na juu kabisa. Andika zote 5. Kwenye trekta nyingi kipimo kifupi kinatokea pale vichwa vinapolingana usawa, lakini zipo ambazo zana ikifika juu inajilaza mbele na giaboksi inakuja karibu zaidi, kwa hiyo usiambiwe na mtu, pima yako. Mzee wangu hata angepima, angepima rotaveta ikiwa chini tu kama wengi wanavyofanya, na bado ingegonga.

Sasa hesabu, nichukue vipimo vyake. Kifupi kabisa kilikuwa sentimita 58, kirefu kabisa 70. Shafti ikiwa imefungwa mpaka mwisho, kutoka pini ya loki mpaka pini ya loki, ilikuwa 66. Pale pafupi kabisa lazima ibaki nafasi ya sentimita 3 kabla mabomba hayajagonga mwisho, usishuke chini ya 2.5. Kwa hiyo shafti inatakiwa iweze kujifunga mpaka 58 toa 3, yaani 55. Ilikuwa 66, toa 55, unakata 11.

Unakata 11 kwenye bomba la ndani NA 11 kwenye bomba la nje. Yote mawili, sawasawa. Nimeona mtu kakata moja tu, bomba lile refu likaenda kugonga uma (ile panda ya chuma mwisho wa bomba) upande wa pili na uharibifu ukawa ule ule. Na makava ya plastiki nayo unakata 11 kila moja, siyo kuyatupa, tafadhali sana. Shafti isiyo na kava inashika kitenge au suruali kwa nukta moja, na PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, hiyo ni mara 9 kwa sekunde, hakuna mkono wa binadamu unaowahi kujitoa.

Kabla msumeno haujagusa chuma, hakikisha na upande wa pili. Kila bomba la mzee lilikuwa sentimita 42, ukikata 11 linabaki na sentimita 31. Zana ikiwa mbali kabisa, kwenye 70, mabomba yangekuwa yametoka 70 toa 55, yaani 15, kwa hiyo ndani yanashikana 31 toa 15, yaani 16. Sheria ni kwamba wakati wa kazi yashikane angalau theluthi ya urefu wa bomba, theluthi ya 31 ni kama 10 na kitu, tuko salama. Kama hesabu yako inaleta pungufu ya theluthi usikate, hiyo shafti siyo yako, tafuta shafti iliyotengenezwa kwa ajili ya trekta ndogo. Na iliyokatwa kupita kiasi haiongezwi kwa kuchomelea. Ikichomoka inazunguka inachapa kila kilicho karibu, na aliye karibu ni dereva.

Kata mraba, siyo mshazari. Piga tupa kingo za ndani na nje mpaka kidole kipite bila kukwaruzika, pangusa vumbi lote la chuma, ndipo upake grisi. Ukipaka grisi juu ya lile vumbi umetengeneza msasa, mabomba yataanza kung'ang'ania na shafti iliyong'ang'ania inasukuma sawa na iliyo ndefu. Wakati wa kurudisha, angalia uma wa bomba la ndani na uma wa bomba la nje zilale upande mmoja. Kwenye mabomba ya mraba unaweza kukosea ukaingiza moja limegeuka robo, shafti itatetemeka siku nzima na krosi (zile jointi za msalaba zinazokaa kwenye uma) zitakufa mapema. Krosi grisi kila baada ya saa 8 za kazi, mabomba pia. Pini za loki zikiingia vuta shafti kwa nguvu mbele na nyuma, usiamini mlio wa "tak" peke yake.

Mara ya kwanza nyanyua polepole kwa mkono wa haidroliki, PTO haizunguki, mtu mwingine amesimama pembeni anaangalia mabomba. Kisha funga kile kizuizi cha lever ili zana isipande zaidi ya unavyohitaji kugeuza. Krosi ikiwa inazunguka na kona imezidi nyuzi 25 hivi inaumia, kwa hiyo mwisho wa mstari toa PTO ndipo unyanyue. Ikikaa sawa haigongi wala haitetemeki, basi.

Wenye slasha, ile zana ya kufyekea majani, nina neno na nyie pia. Trekta hizi za zamani nyingi PTO yake inategemea klachi ya kuendeshea, na slasha likishazunguka lina uzito, ukikanyaga klachi visu vinaendelea kuzungusha gia na trekta inakusukuma mbele, mtaroni au kwenye ukuta. Dawa ni kile kiungo cha kuzunguka upande mmoja, kinafanya kazi kama friwili ya baiskeli, unakivalisha kwenye kichwa cha PTO. Sasa kosa ni lile lile: mtu kakata shafti vizuri, wiki ijayo kanunua kiungo, kakivalisha, na kiungo kimeongeza sentimita kadhaa. Shafti imekuwa ndefu tena. Vaa kiungo kwanza, pima kuanzia kwenye mfereji wake, ndipo ukate.

Na gia za PTO, nyingi za Kijapani zina 3 au zaidi. Slasha na rotaveta za kununua huku zimetengenezwa kwa 540, na kwenye nyingi ya trekta hizi gia ya 1 ndiyo iliyo karibu na hapo. Ya 2 na ya 3 usiziguse ukiwa na zana hizo. Bolti ya kukatika, ile ya usalama kwenye shafti, ikikatika rudisha laini kama iliyoandikwa kwenye kitabu cha zana. Ukiweka bolti ngumu ya gari kitakachokatika safari ijayo ni giaboksi.

Kwa ambao bado mnatafuta zana, iwe ni kwenye viwanja vya Nane Nane, kwenye makontena ya mitumba ya Japani au kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani pale Dar, nendeni na vipimo kwenye simu, piga picha futi ikiwa imewekwa. Tundu la mikono ya chini: milimita 22 na la juu 19 ni saizi ya kawaida ya trekta ndogo, nyingine ndogo zaidi zinatumia 16, na zana ya pini ya 28 ni ya trekta kubwa, iache. Kichwa cha PTO milimita 35 meno 6, hesabu meno kwa kidole. HP 15 mpaka 20 ni rotaveta ya mita 1 mpaka 1.2, muuzaji akikwambia 1.5 itavuta ondoka. Rotaveta ya mtumba ya Kijapani ni nzuri sana ila inunue pamoja na shafti yake na fremu yake ya kufungia, bila hivyo viwili unanunua chuma chakavu.

Shafti ikishakatwa iandike kwa rangi, trekta gani na zana gani, mfano "Yanmar/rotaveta", maana ukiihamishia kwenye slasha au ukimwazima jirani rotaveta na shafti yake, vipimo vyote 5 vinaanza upya. Mzee wangu sasa hivi trekta iko juu ya mawe, anasubiri nyumba ya nyuma itoke Dar, na maji yameshaingia kwenye majaruba yake.