Kasuku ale kiasi gani na mara ngapi: mwongozo kwa wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini

Kasuku wengi ninaoitwa kuwaangalia hapa Mbeya wana shida moja: bakuli la alizeti limejaa kuanzia asubuhi hadi usiku, na mwenye ndege anaamini amemtendea haki. Mwaka huu nilimsaidia mama mmoja wa Uyole ambaye kasuku wake wa kijivu alikuwa hagusi kitu kingine zaidi ya alizeti. Hatua hizi ndizo tulizofuata. Nachukulia vibali vya ndege wako viko sawa na tundu lipo tayari.

Hatua ya 1: Mpime uzito

Nunua mzani wa jikoni wa dijitali, unaosoma gramu moja moja. Mpime asubuhi, akishatoa kinyesi cha kwanza na kabla hajala, kisha andika kwenye daftari. Kasuku wa kijivu aliyekomaa huwa na gramu 400 hadi 500. Yule mdogo wa shingo ya njano, anayeonekana kwa makundi kule Ruaha, ana kama gramu 50. Bila mzani unabahatisha, kwa sababu manyoya huficha ukondefu.

Hatua ya 2: Kiasi

Wa kijivu: gramu 30 hadi 45 za chakula kikavu kwa siku, na vijiko viwili vitatu vikubwa vya mboga na matunda. Mdogo: vijiko viwili vya chai vya chakula kikavu na kipande cha mboga.

Chakula kikavu bora ni peleti za kasuku, yaani vidonge vikavu vya chakula kilichosagwa na kushindiliwa. Najua huku kwetu hazipatikani duka la kona, wengi huagiza Dar es Salaam. Agiza. Usimpe chakula cha kuku wa mayai kwa sababu ni rahisi: kalsiamu yake imewekwa kwa ajili ya kuku anayetaga kila siku, na ikizidi huharibu figo za kasuku.

Hatua ya 3: Mara ngapi

Mara mbili, asubuhi na jioni. Mboga na vyakula vilivyopikwa viondoe baada ya saa mbili tatu.

Hatua ya 4: Kumwachisha alizeti

Hapa ndipo watu wanapokwama, basi soma taratibu.

Alizeti ina mafuta mengi, kalsiamu kidogo, na vitamini A karibu hakuna. Kasuku wa kijivu akiishiwa kalsiamu anaweza kupata degedege. Lakini usimwondolee ghafla. Ule usemi wa "njaa ikimbana atakula" unaua: kasuku anaweza kufa kando ya chakula asichokitambua kuwa ni chakula.

Asubuhi, akiwa na njaa ya usiku, weka chakula kipya peke yake kwa saa moja au mbili. Kisha mrudishie mchanganyiko wake wa zamani, ukipunguza alizeti kidogo kila wiki. Kula mbele yake. Yule wa Uyole alianza kugusa karoti siku mama alipoitafuna akiwa ameketi mbele ya tundu: ndege alishuka kijitini, akainamisha kichwa, akanyoosha mguu kupitia waya.

Kila siku mpime. Uzito ukishuka kwa asilimia 10 ya ule wa mwanzo, simamisha zoezi, mrudishie alizeti na umtafute daktari wa mifugo. Angalia pia kinyesi: kikiwa kidogo na cheusi kijani, ujue hali chakula. Na usidanganywe na bakuli. Kasuku humenya mbegu na kuacha maganda humo humo, kwa hiyo bakuli linaonekana limejaa kumbe ni makapi matupu. Pulizia juu, maganda yaruke, uone kilichobaki.

Usianze zoezi hili ndege akiwa anabadilisha manyoya, anaumwa, au amehamia kwako juzi. Mimi pia siruhusu lianze Juni na Julai. Baridi ya huku humfanya ahitaji nguvu zaidi, na ndiyo miezi watu huingiza jiko la mkaa ndani. Hewa ya mkaa humwua ndege kabla binadamu hajahisi chochote, kwa hiyo jiko lisikae chumba kimoja naye hata kwa dakika chache.

Mwisho wa safari, alizeti inabaki zawadi: punje chache mkononi, akija ukimwita.

Hatua ya 5: Mboga na maji

Karoti, boga, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, majani ya maboga, figiri: vyote viko soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na vya rangi ya chungwa ndivyo vinavyompa vitamini A. Mchicha na spinachi mpe kwa nadra, vinazuia kalsiamu. Maharage lazima yaive kabisa, bila chumvi. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Maji badilisha asubuhi na jioni. Mtoe apate jua la asubuhi, maana jua la kupitia kioo halimsaidii kutumia kalsiamu.

Hatua ya 6: Parachichi marufuku

Huku kwetu Rungwe na Njombe parachichi liko kila uwanja, ndiyo maana nalipa hatua yake. Lina sumu inayoitwa pesini, inayodhuru moyo wa ndege na kumbana pumzi. Nyama, ganda, kokwa, majani, vyote. Usikate hata tawi lake kumfanyia kijiti cha kutulia, tumia mpera. Kisu kilichokata parachichi kioshe kabla ya kukata karoti yake. Kahawa, chokoleti, vitunguu na pombe navyo asiguse.

Akila parachichi usisubiri dalili, kwa kuwa anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usimtapishe wala kumnywesha maziwa. Mweke kwenye boksi lenye joto na giza, andika alikula nini na saa ngapi, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.