Kujifunza Kuendesha Baiskeli Juu ya Rola

Masika yanapoishika Malindi na barabara kutuama maji, mwendesha baiskeli anaweza kuendelea na mazoezi ndani ya nyumba kwa kutumia rola, yaani fremu yenye silinda tatu zinazozunguka: mbili hubeba gurudumu la nyuma na moja la mbele, nazo huunganishwa kwa mkanda ili gurudumu la mbele nalo lizunguke. Baiskeli haifungwi popote, ndiyo maana hata mzoefu wa barabara hupanda rola mara ya kwanza akayumba kama mtoto.

Tandaza rola katikati ya mlango, ili miimo yote miwili iwe karibu na viwiko vyako. Usiweke mkeka wa miyaa chini yake, kwa kuwa huteleza kwenye sakafu laini. Rekebisha silinda ya mbele mpaka ekseli ya gurudumu ikae nyuma kidogo ya ekseli ya silinda, kama sentimita moja au mbili. Ekseli ya gurudumu ikitangulia mbele ya ile ya silinda, baiskeli hushindwa kutulia. Tairi ziwe zenye uso laini, zilizojaa upepo.

Panda kwa msaada wa kigoda, shika mwimo, kisha anza kukanyaga pedali kwa gia ya kati. Hapa wengi hukosea: huogopa, hukanyaga polepole, na upole huohuo ndio unaowaangusha, kwa sababu magurudumu yanayozunguka kwa kasi ndiyo yanayoisaidia baiskeli kusimama wima. Legeza mabega, shika usukani bila kuukaba, na utazame mbele, si kwenye gurudumu. Mimi hutazama kitasa cha kabati. Siku moja jirani alipiga hodi, nikageuza shingo kumwitikia, na baiskeli ikafuata macho yangu hadi kwenye kapu la nguo chafu. Sikuumia, kwani baiskeli iliyo juu ya rola haina mwendo wa kukurusha mbele. Ukitoka kwenye silinda, unaangukia ubavuni.

Usiharakishe kuachia mwimo. Kiwiko kiendelee kuugusa kidogo mpaka kisahau chenyewe.

Unapotaka kushuka, usibane breki ghafla. Shika mwimo, punguza mwendo, kisha teremsha mguu kwenye kigoda. Washa feni, maana ndani hakuna upepo wa pwani wa kukupoza, na utandike taulo juu ya usukani, kwa kuwa jasho hula nati upesi. Mwishowe pangusa silinda, hasa zikiwa zimedondokewa na mafuta ya cheni.