Uwanja unaokunywa maji: ninavyochagua kokoto za chini ya pevingi

Mteja akiniita kumwekea pevingi za kupitisha maji, yaani vitofali vya uwanjani vinavyoacha mvua ishuke kati yake, sitangulizi sampuli za vitofali. Naenda na ndoo mbili za lita 20. Moja nimeijaza kokoto za robo tatu ya inchi zilizooshwa, nyingine moramu, udongo wenye changarawe, ile ile tunayoshindilia chini ya pevingi za siku zote. Nampa mwenye nyumba kopo la lita moja, amimine mwenyewe huku anahesabu. Kwenye ndoo ya kokoto anafika kopo la saba, mara nyingine la nane, ndipo maji yanachungulia juu. Kwenye moramu, kopo la pili tu limeshaanza kuelea, rangi ya chai ya maziwa. Baada ya hapo sina haja ya kuongea sana.

Mwenyewe nilijifunza hili kwa aibu. Kazi yangu ya kwanza ya aina hii ilikuwa Tabata, hapa Dar es Salaam, kwa mzee mmoja mstaafu, uwanja wa kuegesha magari mawili. Vitofali vilikuwa vizuri, vyenye nafasi pana kwenye maungio. Chini yake nikaweka nilichozoea: moramu sentimita 15, nimeishindilia mpaka inalia kama sakafu, kisha mchanga sentimita 5. Masika ya kwanza akanipigia simu. "Fundi, njoo uone pevingi zako zinavyokunywa." Nikafika na kukuta dimbwi, mchanga umetapikwa juu ya vitofali, na gurudumu la gari lake limechora mtaro. Sikuwa na la kujitetea. "Mzee, nipe wiki mbili." Nikang'oa yote kwa gharama yangu.

Kosa halikuwa kwenye vitofali. Pevingi ya kawaida inataka maji yateleze juu yaende zake, ndiyo maana chini yake tunatafuta kitu chenye vumbi na mchanganyiko wa saizi zote, kizibane kisiache upenyo. Pevingi ya kupitisha maji inageuza habari yote. Chini yake ni tangi, na unaponunua kokoto kwa ajili yake unanunua ule uwazi ulio kati ya jiwe na jiwe. Kokoto za saizi moja, safi, huacha uwazi wa asilimia 30 hadi 40. Ukichanganya vumbi tu, umelijaza tangi kabla mvua haijanyesha.

Kabla ya kuulizia bei ya kokoto, iulize ardhi yenyewe. Chimba hadi kina ambacho tabaka lako litakalia, halafu hapo chini ongeza kashimo ka sentimita 30 kwa 30, kina 30. Lijaze maji, yaache yanywee, lijaze tena. Mara ya tatu ndiyo unasimamisha rula na kuangalia saa. Ukipima mara ya kwanza ardhi ikiwa kavu utadanganyika, maana udongo wenye kiu hunywa chochote. Kwenye mchanga wa Kigamboni nimewahi kukosa cha kupima, maji yalikwisha kabla sijakaa sawa na rula. Kwenye udongo mwekundu wa huku kwetu Goba napata sentimita mbili au tatu kwa saa, na hiyo inatosha. Mahali palipo na mfinyanzi utakaa nusu siku unaangalia milimita tatu. Mpaka ninaoutumia ni kama milimita 13 kwa saa. Chini ya hapo usitegemee ardhi peke yake: laza bomba la matundu la inchi 4 chini ya kokoto, litoe maji ya ziada hadi mahali panaporuhusiwa, na mahali hapo si uwanjani kwa jirani.

Kuna viwanja ninavikataa. Mikocheni nilichimba sentimita 70 mwezi wa nne nikakutana na maji yananisubiri. Tangi gani utajenga ndani ya maji? Kati ya sakafu ya kokoto zako na maji ya ardhini nataka angalau mita moja, na napima kipindi cha masika, si Agosti. Vilevile nakaa mita tatu kutoka ukuta wa nyumba, na mita 30 kutoka kisima cha kunywa, kwa sababu maji ya uwanjani yanashuka na oili ya magari.

Kina cha tabaka kinatoka kwenye hesabu ya darasa la sita. Uwanja wa mita za mraba 40, kokoto kina cha sentimita 30, ni mita za ujazo 12. Chukua asilimia 35 ya hiyo: lita 4,200. Karibu simtanki kubwa nzima iko chini ya gari lako. Sasa mvua ya milimita 50 juu ya uwanja huo ni lita 2,000, kwa hiyo unabaki na nafasi. Lakini wengi wanataka na maji ya bati yaelekezwe humo humo. Paa la mita za mraba 100 kwa mvua ile ile linaleta lita 5,000 zaidi, jumla 7,000, na hapo unahitaji sentimita 50. Mtu akishaona bei ya kuchimba na kujaza sentimita 20 za nyongeza, mara nyingi anaamua maji ya bati yaende kwenye simtanki ya kweli, afulie nguo. Namuunga mkono.

Hesabu hiyo inadai sakafu ya shimo iwe bapa. Kwenye mteremko maji yote yanakimbilia chini na upande wa juu wa tangi unakaa mtupu. Uwanja wenye urefu wa mita 10 unaoshuka senti 5 kila mita una tofauti ya nusu mita kutoka juu hadi chini, yaani tangi la sentimita 30 upande wa juu halifanyi kazi kabisa. Chimba kwa ngazi, kila ngazi sakafu yake bapa, na kati ya ngazi acha kizingiti cha udongo wenyewe au jenga kimoja cha zege.

Sasa kokoto. Dar tuna aina mbili kubwa: za mawe ya chokaa ya matumbawe, wengi tumezoea kuziita za Kunduchi, na zile ngumu zinazoteremshwa kutoka Lugoba. Za kwanza ni nafuu na ziko karibu, lakini nyingi ni laini. Zigonge mbili pamoja juu ya kiganja: zikiacha unga mweupe, unga huo huo utazalishwa chini ya magurudumu mwaka baada ya mwaka, ushuke na kuziba sakafu. Kwa njia ya miguu ndani ya bustani nakubali kuzitumia. Panapopita gari nalipia nauli ya Lugoba. Usisahau gari la kunyonya karo ya choo. Mwenye nyumba atakuapia kwamba hapo inapita Vitz tu, halafu siku karo imejaa linaingia lori zima.

Jiwe liwe la kupondwa, lenye kona. Kokoto za mtoni za mviringo zinapendeza machoni, ila zinabingirika kama gololi na uwanja unahama. Kokoto za kupondwa kwa nyundo na akina mama wa kando ya barabara ni nzuri tu ikiwa jiwe ni gumu, ila kubaliana nao wachekeche, kwa sababu saizi zake huchanganyika.

Saizi ninazopanga kwa uwanja wa magari madogo ni hizi: chini kabisa sentimita 20 za mawe ya inchi moja na nusu hadi mbili, juu yake sentimita 10 za robo tatu, na mwisho sentimita 4 au 5 za chenga za robo inchi ambazo vitofali vitalalia. Hazikupangwa hivyo kwa urembo. Jiwe la juu lisiwe dogo kupita sehemu ya tano ya lile la chini yake, la sivyo linadondokea kwenye matundu. Chenga za milimita 5 juu ya kokoto za milimita 20 zinakaa. Mchanga juu ya kokoto hizo hizo unashuka kama sukari kwenye chai, na vitofali vinaufuata. Ndicho kilichotokea kwenye baadhi ya marekebisho ya haraka niliyoitwa kuyaangalia: fundi alipata kokoto safi, akaharibu kwa mchanga wa senti 5 juu, kwa sababu mkono umezoea.

Usafi wake unapimwa lori likiwa bado halijamwaga. Panda juu na chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa shingo. Fukua kiwiko kizima, maana za juu zimeoshwa na upepo wa barabarani, chota nusu chupa, jaza maji, koroga, subiri dakika tano. Yakibaki matope mazito na chini kukajaa tope, mwambie dereva ageuze. Atanuna. Akishamwaga, mzigo ni wako. Yakiwa na ukungu kidogo, pokea uzioshe kwa mpira wa maji juu ya wavu, mbali na shimo lako.

Kati ya udongo na kokoto natandika kitambaa cha jiotekstaili, kinachopitisha maji na kuzuia udongo, sakafuni na kupandisha ukutani, hasa kwenye mchanga mlaini wa pwani unaopenda kupanda ukaingia katikati ya mawe. Watu hunishauri viroba vilivyochanwa, au nailoni "ili majani yasiote". Nailoni inageuza tangi kuwa karai. Viroba havikutengenezwa kuchuja, na sijaona sababu ya kubana hapo wakati kokoto zimekula pesa yote.

Kushindilia nako kuna mambo yake. Sakafu ya udongo usiisulubu; isawazishe, lori lisikanyage ndani ya shimo, vibarua wasogeze kokoto kwa toroli. Kila pigo unalolipiga chini linafunga njia ya maji. Nguvu zako zitie kwenye kokoto, kwa matabaka ya sentimita 10 hadi 15, kompakta, mashine ya kushindilia, ikipita mpaka mawe yaache kucheza chini yake. Pembeni weka kerbu, yaani mawe ya ukingo, zilizokalishwa kwenye zege, kwa kuwa mawe yasiyo na vumbi hayashikani bila ukuta. Kwenye maungio jaza chenga zile zile ndogo, milimita 2 hadi 5. Saruji usiilete hata karibu.

Kitu kimoja nilikiongeza kwa mzee wa Tabata niliporudia kazi yake: bomba la inchi 4 lililosimama hadi sakafu ya shimo, limetobolewa chini, na kifuniko juu usawa wa vitofali. Mvua ikinyesha anafungua, anachovya kijiti alichokichonga alama, anasoma. Mwezi wa nne uliopita alinipigia saa moja asubuhi. "Fundi, leo sentimita 11." Saa saba mchana akapiga tena kusema kijiti kimetoka kikavu.