Printa Mpya: Ichape Peke Yake Kwanza, Kompyuta Baadaye

Kazi yangu ni kuhariri maandishi ya watu, na naifanyia nyumbani. Makosa siyaoni vizuri kwenye skrini. Mpaka niyachape, nikae nayo mezani na kalamu nyekundu. Kwa hiyo printa kwangu si pambo. Tatu nimezimaliza, ya nne nimeifungua juzi, na kutoka kwenye boksi hadi ukurasa wa kwanza haikufika nusu saa. Ile ya kwanza kabisa ilinila jioni nzima, na mchawi alikuwa kipande cha utepe kisichozidi urefu wa kidole.

Katriji za wino huja zimebandikwa utepe mwembamba kwenye matundu ya kutolea wino, ili usikauke wala kuvuja njiani. Mimi nilizipachika nao. Printa ikanguruma vizuri, karatasi ikatoka nyeupe pe. Nikajiaminisha kwamba kompyuta ndiyo mbaya: nikafuta programu, nikaisakinisha upya, nikazima, nikawasha, nikafuta tena. Saa nne usiku ndipo nilipochomoa katriji na kukuta kimkia cha rangi ya chungwa kimening'inia. Tangu siku hiyo kompyuta siigusi mpaka printa yenyewe, bila msaada wa mtu, imetoa ukurasa unaosomeka. Ikichapa peke yake halafu ikagoma ikiunganishwa, najua kosa liko kwenye muunganisho, basi.

Anza basi na tepe. Fungua kila mlango na kila kifuniko, uzivue zote. Huwa wanazibandika mahali usipodhania: kwenye kibebea cha katriji, chini ya trei, hata kwenye kioo cha skana. Kwenye katriji usiguse vile vibati vya rangi ya shaba. Mafuta ya vidole yanatosha kuifanya printa idai haioni katriji. Kama yako ni ya leza, tona, yaani katriji yake ya wino wa unga, itikise taratibu ubavu kwa ubavu, uvute ukanda wake wa kuziba mpaka utoke wote, na usiiache mwangani, kwa sababu silinda yake huharibiwa na mwanga. Kama ni ya wino wa chupa, mara ya kwanza itafyonza wino kujaza mirija. Inachukua dakika kadhaa, inatoa milio ya kutisha, na wewe usiizime.

Waya wa umeme chomeka. Wa USB uache kwanza.

Karatasi watu wanazidharau. Pepeta rundo ili zisigandane, ziweke, kisha sogeza vile vishikizo vya pembeni viguse karatasi bila kuibana. Printa ikikuuliza ukubwa, jibu kweli. A4 ni milimita 210 kwa 297; ile ya Kimarekani iitwayo Letter ni 216 kwa 279. Ukiwa na A4 kwenye trei huku programu inadhani ni Letter, printa inaweza kusimama na kukuomba karatasi wakati trei imejaa. Nimeona mtu akiishushia na kuipandishia trei mara kumi kwa jambo hilo tu.

Sasa mtihani. Kama ina skana, weka ukurasa wowote wenye maandishi kwenye kioo, bonyeza kitufe cha kunakili. Kama haina, kijitabu kitakwambia kitufe gani ushikilie ili itoe ukurasa wa majaribio. Utazame kwa makini. Mistari ikikatika katika rangi mojawapo, agiza isafishe vichwa vya wino mara moja, au mbili. Si mara sita, kwani kila usafishaji unakula wino.

Ikifaulu, ndipo tunaingia kwenye kuunganisha. Maoni yangu: kama kompyuta ni moja na iko meza hiyohiyo, tumia waya umalize. Ni ule wa USB ambao ncha moja ni bapa na ya pili inakaribia mraba. Mara nyingi haumo kwenye boksi, na tundu lake huenda limefunikwa kwa kibandiko. Kwenye Windows fuata kijitabu: kikisema programu ije kwanza, subiri mpaka programu yenyewe ikwambie chomeka. Ukiwahi, kompyuta inaweza kujichagulia draiva ya jumla (draiva ni programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa). Utachapa, ila skana hutaiona.

Wi-Fi ndiko kwenye visa. Printa nyingi za nyumbani hushika mawimbi ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo rauta yenye majina mawili ichagulie hilo, siyo la 5. Neno la siri liandike polepole, maana herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili. Kama rauta ina kitufe cha WPS, yaani cha kuunganisha bila neno la siri, bonyeza cha rauta, kisha cha printa kabla dakika mbili hazijaisha, na hutaandika chochote. Baada ya hapo iambie printa itoe ukurasa wa taarifa za mtandao. Usiutupe. Shemeji yangu alinipigia simu akiwa amekata tamaa.

"Shemeji, yenyewe inasema imeunganishwa, lakini laptopu haiioni."

"Ile karatasi ya mtandao umeitoa?"

"Ninayo hapa."

"Nisomee jina la mtandao."

Akasoma. Lilikuwa jina la rauta yao na mbele yake neno "wageni". Laptopu ilikuwa kwenye mtandao wa wenyeji, printa kwenye wa wageni, na rauta nyingi huzuia wageni wasiwaone wenyeji. Tulimaliza kabla salio halijaisha. Kwenye karatasi hiyohiyo tazama pia anwani ya IP, ile namba inayoitambulisha printa kwenye mtandao: ikianza na 169.254, basi printa haijapewa anwani na rauta, hata kama taa yake inawaka kwa madaha.

Kwenye kompyuta kwenyewe hakuna mengi. Windows 11: fungua Mipangilio, ingia kwenye Bluetooth na vifaa, kisha printa na skana, ongeza kifaa. Mac ina ukurasa kama huo ndani ya Mipangilio ya Mfumo, na printa yenye AirPrint, njia ya kuchapa ya Apple, haihitaji draiva. Linux hutumia mfumo wa kuchapa uitwao CUPS, na mara nyingi printa ya mtandao hujitokeza yenyewe. Isipojitokeza, andika localhost:631 kwenye kivinjari. Ikigoma kote huko, chagua kuongeza kwa mkono na uandike ile anwani ya IP.

Ukihitaji draiva, andika anwani ya tovuti iliyo kwenye kijitabu, herufi kwa herufi. Usitafute tu na kubonyeza cha kwanza kinachotokea. Zipo kurasa zinazojifanya za kampuni, zikupe namba ya simu ya "fundi" anayetaka kuingia kwenye kompyuta yako na kadi ya benki juu.

Baada ya wiki mbili tatu itakwambia printa haipo mtandaoni, nayo umeiona inawaka. Mara nyingi rauta imeipa anwani mpya na kompyuta bado inabisha hodi ya zamani. Ingia kwenye rauta, uihifadhie printa anwani moja ya kudumu. Na kwenye Windows zima ule mpangilio unaoiacha kompyuta ijichagulie printa ya msingi, la sivyo siku moja utachapa barua na kukuta imekwenda kwenye faili la PDF.

Kazi ikinasa kwenye foleni na haifutiki, fungua orodha ya huduma za Windows, utafute iitwayo Print Spooler, uisimamishe. Nenda kwenye folda ya Windows, System32, spool, PRINTERS, ufute vilivyomo ndani, siyo folda yenyewe. Rudi uiwashe huduma.

Kuizima, tumia kitufe chake, si swichi ya ukutani. Ya wino ikizimwa kwa kitufe hurudisha vichwa mahali pake na kuvifunika visikauke. Utasikia mlio mfupi wa kujikunja, kisha kimya. Mimi husubiri huo mlio ndipo nizime ukutani.