Somo: Kuamsha diski iliyoganda kwa amri, bila kuifomati

Waungwana, hamjambo. Leo tushughulikie diski ya nje au fleshi iliyogoma: taa inawaka, jina lake lingalipo kwenye skrini, lakini ukifungua folda hupati kitu na kompyuta nzima inajivuta. Hapa Mombasa tunaziona sana baada ya stima kupotea na kurudi kwa kishindo, au pale ncha za kebo zinapoanza kuliwa na kutu ya hewa ya bahari. Wengi hukimbilia kufomati. Nawasihi msifanye hivyo. Mara nyingi kilichokwama ni mawasiliano kati ya diski na kompyuta tu, na hayo huanzishwa upya bila faili hata moja kuguswa.

Amri hizi ni za Linux, uziandike kwenye dirisha la amri; neno `sudo` hukupa mamlaka ya msimamizi. Windows nimeigusa kwenye maswali.

Hatua ya 1: soma kabla ya kugusa

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN,MOUNTPOINT`
`sudo dmesg | tail -n 40`

Ya kwanza inakuonyesha diski ni ipi. Tuseme ni sdb. Hakikisha kwa ukubwa na modeli, usikisie, kwa sababu ukikosea herufi moja utaigandisha diski yenye mfumo wako. Ya pili ndiyo yenye habari. Ukiona `device descriptor read/64, error -110`, kompyuta imeuliza, ikangoja, muda ukaisha bila jibu. Shuku kebo au umeme. Ukiona `I/O error` ikirudia sekta zilezile (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data), diski yenyewe ina jeraha. Acha hatua hizi, soma jibu la pili huko chini.

Hatua ya 2: iachilie diski

`ps -eo pid,stat,comm | grep ' D'`
`sudo umount /dev/sdb1`

Programu yenye herufi D inaingoja diski, na hata `kill -9`, amri ya kuua programu kwa nguvu, haiitoi hapo. Vuta subira: kila ombi kwa diski hupewa kwa kawaida sekunde 30 kabla kerneli, yaani kiini cha Linux, haijaingilia kati, na maombi huwa mengi. Ikiwa `umount` bado inakataa, tumia `umount -l`. Lakini elewa kwamba hiyo inaiondoa tu folda machoni. Data ambayo haijaandikwa bado haijaandikwa.

Hatua ya 3: ianzishe upya

Tafuta njia yake kwanza:

`readlink -f /sys/block/sdb`

Utapata mstari mrefu wenye kitu kama `usb2/2-1/2-1:1.0/host6/`. Hiyo `2-1` ndiyo tundu la USB. Sasa:

`echo 0 | sudo tee /sys/bus/usb/devices/2-1/authorized`
`sleep 5`
`echo 1 | sudo tee /sys/bus/usb/devices/2-1/authorized`

Ni lazima utumie `tee`. Ukiandika `sudo echo 0 > ...` utakataliwa, maana alama ya `>` inatekelezwa na wewe wa kawaida, si na sudo. Jambo jingine: njia hii haikati umeme. Ikiwa diski haikurudi, ndipo uichomoe, ungoje kidogo, uichomeke tena.

Kwa diski ya SATA iliyo ndani, andika kwanza pembeni namba ya host uliyoiona kwenye `readlink` (hapa tuseme ni host2), kisha:

`echo 1 | sudo tee /sys/block/sdb/device/delete`
`echo "- - -" | sudo tee /sys/class/scsi_host/host2/scan`

Kwa NVMe, aina ya diski ya ndani isiyozunguka, ni `sudo nvme reset /dev/nvme0`, ila usijaribu ikiwa mfumo wako unaendeshwa humo.

Hatua ya 4: nakili kabla ya kutengeneza

Endesha `lsblk` tena, kwani sdb huenda imerudi kama sdc.

`sudo mount -o ro /dev/sdc1 /mnt`

`ro` inakuzuia wewe na programu zako kuandika humo. Toa faili zako zote kwanza, ndipo ufikirie `fsck`, amri ya kukagua na kutengeneza mpangilio wa faili, na kamwe usiiendeshe diski ikiwa imepachikwa (bado iko kwenye `mount`).

MASWALI

Mwanachama, Kongowea: Kaka, shukrani. Yangu imerudi vizuri, lakini nikinakili faili kubwa inaganda tena.

Jibu: Huo ni umeme, kaka, au kebo. Tundu la USB 2.0 limepangiwa umeme wa 500 mA (miliampea), la 3.0 limepangiwa 900 mA, na diski inayozunguka huhitaji zaidi inapoanza. Tafuta kebo fupi, na habu yenye umeme wake yenyewe.

Mwanachama, Mtwapa: Fundi, mimi napiga video za harusi. Kazi ya Jumamosi yote imo humo, bibi harusi anapiga simu kila siku, na diski inagonga tik tik tik. Nifuate hatua ya 3?

Jibu: Pole sana dada. Hapana, izime sasa hivi. Mlio huo ni wa vichwa vya kusomea, na kila dakika inayowaka inaweza kukwangua zaidi. Hiyo ni ya wataalamu wa kuokoa data. Ukiambiwa uitie kwenye friza, kataa. Kwa unyevu wetu huu itatoka na matone ya maji. Kama ingekuwa kimya na ina `I/O error` tu, ungetumia:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdc harusi.img harusi.map`

Faili hizo mbili ziwe kwenye diski nyingine yenye nafasi. Amri hiyo inanakili diski kwenye `harusi.img`, ikichota kwanza sehemu zisizo na jeraha, na ile `harusi.map` inakumbuka ilipofika, kwa hiyo hata stima ikipotea unarudia amri ileile inaendelea.

Mwanachama, Likoni: Na sisi wa Windows?

Jibu: Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `diskpart`, kisha `rescan`, kisha `list disk`. Ishia hapo. Usiandike `clean` hata ukiikuta imeandikwa mahali, maana inafuta jedwali la vigawanyo papo hapo.

Mwanachama, Changamwe: Imerudi na nimenakili kila kitu. Niiamini tena?

Jibu: Iulize yenyewe: `sudo smartctl -a /dev/sdc`, na kwa diski ya USB ongeza `-d sat`. Tazama `Current_Pending_Sector` (sekta zinazoshukiwa kuharibika) na `Reallocated_Sector_Ct` (zilizokwisha kubadilishwa). Zikiwa zinapanda, usiweke humo kitu usichotaka kukipoteza. Zikiwa sifuri na inayopanda ni `UDMA_CRC_Error_Count` (makosa ya njiani kwenye kebo), badilisha kebo ya SATA, diski uiache.