Waterloo juu ya meza: anayeshambulia, anayengoja, na dadu za kila mmoja

Ukicheza vita vya Waterloo mezani kwa askari wa sanamu, Mfaransa akishambulia na Mwingereza akingoja, piga hesabu ya dadu kabla ya kupanga askari. Tuseme sheria zenu zinataka dadu mbili zifikishe 8 ndipo brigedi itii amri: hiyo ni nafasi 15 kati ya 36. Jenerali akisimama karibu na kikosi na kukupa nyongeza ya 1, zinakuwa 21. Ukihitaji 11, nyongeza hiyohiyo inakutoa 3 hadi 6 tu, basi usimpoteze jenerali huko.

Anayecheza Mfaransa hana muda. Tarehe 18 Juni 1815 matope yalimchelewesha Napoleon hadi karibu saa 5:30 asubuhi, na kufikia saa 10:30 jioni Waprusia, washirika wa Waingereza, walikuwa wameshaingia ubavuni mwake. Zamu moja ikiwa nusu saa, una zamu kumi. Kosa la wengi ni kupanga shambulio la hatua tatu zinazotegemeana. Kila hatua ikiwa na nafasi mbili kati ya tatu, zote kufaulu ni 8 kati ya 27, hata theluthi haifiki. Afadhali brigedi mbili zilenge shabaha moja, mradi mojawapo ikipita yatosha: hapo una 8 kati ya 9.

Shabaha ya kwanza iwe La Haye Sainte, lile shamba la katikati. Mizinga ipige zamu mbili, kisha askari wa miguu waingie. Farasi wasitangulie peke yao. Ney, jemadari wa Napoleon, alifanya hivyo, Waingereza wakajipanga miraba iliyotazama pande zote, farasi wakaishia kuizunguka. Mraba ni dawa ya farasi, lakini mbele ya mizinga na bunduki ni nyama. Kwa hiyo sogeza mizinga kwanza, ndipo utishe kwa farasi.

Anayecheza Wellington, kamanda wa Waingereza, aweke vikosi nyuma ya mgongo wa kilima, sentimita 5 hivi kutoka ukingoni, mizinga isivione. Adui akichomoza, piga kwa pamoja. Dadu 12, kila moja ikihitaji 4 au zaidi, hutoa mapigo kati ya 4 na 8 karibu mara 85 katika 100. Hiyo ndiyo bahati ya anayengoja: dadu nyingi, mshangao kidogo. Anayeivuruga ni mwenyewe, akiachia farasi wafukuze. Brigedi ya Union, wapandafarasi wa Uingereza, iliwavunja askari wa jenerali Mfaransa d'Erlon, ikapitiliza hadi kwenye mizinga, wapandafarasi wa Kifaransa wenye mikuki wakaikatakata. Mezani acha brigedi moja nyuma kila unapotuma nyingine.

Walinzi wa Mfalme, kikosi teule cha Napoleon, je? Ukicheza Mfaransa na unaongoza kwa pointi, wabaki akiba. Kuwatuma ni kumfungulia mwenzako mlango uliokwisha kuufunga. Ukiwa nyuma na zamu zimebaki mbili, pata potea inaruhusiwa: watume wote, sehemu moja, jenerali akiwa nao.